Nani alitangulia? Namna ya kuzisoma barua za wanaastronomia wa karne ya 17

Utasikia ikisemwa kwamba Isaac Newton alizaliwa mwaka uleule aliofariki Galileo. Galileo alifariki Arcetri, karibu na Florence, tarehe 8 Januari 1642. Newton alizaliwa Woolsthorpe, Uingereza, tarehe 25 Desemba 1642. Hesabu inaonekana imetimia, ila tarehe hizo zimetoka kwenye kalenda mbili tofauti. Siku Waingereza waliposherehekea Krismasi hiyo, Italia ilikuwa tayari 4 Januari 1643.

Kosa hilo ni dogo likibaki kwenye chemsha bongo. Linakuwa kubwa pale unapotaka kuamua ugomvi wa kweli: nani aliona kwanza miezi ya Mshtarii, nani alianzisha kalkulasi (hisabati ya mabadiliko), nani alijua sheria ya mvutano. Kwenye magomvi hayo siku tatu ni nyingi, na ushahidi wenyewe karibu wote ni barua. Barua zikisomwa vibaya, mwizi anakuwa mwenye mali.

Jedwali kwanza

Chora jedwali kabla ya kusoma hoja ya upande wowote. Kila barua ipe mstari mmoja wenye safu sita: mahali ilipoandikwa, tarehe kama ilivyo kwenye barua, tarehe baada ya kuibadilisha, aliyeibeba au kuipitisha, siku ilipomfikia msomaji, na siku yaliyomo yalipochapishwa. Safu ya pili usiiguse kamwe. Ukiandika tarehe iliyokwisha kubadilishwa mahali pa ile ya asili, wiki mbili baadaye hutakumbuka ipi ni ipi, na utaibadilisha mara ya pili.

Barua nyingi unazozihitaji zimechapishwa. Za Galileo zimo katika toleo la Antonio Favaro lenye majuzuu 20, za Mholanzi Christiaan Huygens katika majuzuu 22, na za Newton katika 7. Anza na tarehe iliyo ndani ya barua yenyewe, usianze na ile ya kichwani iliyowekwa na mhariri, kwa sababu wahariri hutofautiana: mmoja huacha tarehe ya zamani, mwingine huibadilisha kimyakimya. Soma utangulizi wa juzuu ujue huyu wako anafuata desturi gani.

Kubadilisha kalenda

Papa Gregori XIII aliondoa siku 10: Alhamisi 4 Oktoba 1582 ilifuatwa na Ijumaa 15 Oktoba. Italia, Hispania, Ureno na Poland zilifuata mara moja, Ufaransa Desemba ya mwaka huohuo. Jimbo la Holland, pamoja na Leiden na Den Haag, lilikubali mapema 1583 ingawa lilikuwa la Kiprotestanti, lakini Friesland ilingoja hadi 1701. Denmark na majimbo ya Kiprotestanti ya Ujerumani yalibadilisha mwaka 1700. Uingereza ilishikilia kalenda ya kale hadi Septemba 1752.

1. Tambua mji, usiishie kwenye nchi. Ujerumani ya wakati huo ilikuwa na kalenda mbili, na safari ya siku moja ingeweza kukutoa kwenye moja na kukuingiza kwenye nyingine.
2. Tafuta alama. "St. v." ni mtindo wa kale, "st. n." ni mtindo mpya. Tarehe iliyoandikwa 17/27 Agosti imekufanyia kazi tayari: ya kwanza ni ya kale, ya pili ni mpya.
3. Tarehe ya kale iongezee siku 10 hadi Februari 1700, na siku 11 kuanzia Machi 1700.
4. Linganisha na jibu lake. Jibu likionekana limetangulia swali, kuna upande ambao hujaubadilisha.

Jambo hilo la nne hutokea sana kwenye barua za Johannes Kepler na mwalimu wake Michael Mästlin. Kepler alikaa Graz, kisha Prague, kwenye kalenda mpya. Mästlin alikuwa Tübingen, mji wa Kiprotestanti, na juu ya hayo alikuwa mpinzani mkubwa wa marekebisho ya Papa.

Majina ya miezi nayo yana mtego. "7bris" si Julai. Ni Septemba, kwa maana saba ni *septem* kwa Kilatini. Vivyo hivyo 8bris ni Oktoba, 9bris ni Novemba, na Xbris ni Desemba.

Sasa ijaribu kanuni hii kwenye ugomvi wenyewe. Galileo, akiwa Padua, aliziona nyota ndogo kando ya Mshtarii tarehe 7 Januari 1610. Simon Marius, mwanaastronomia wa Ansbach, Ujerumani, alichapisha kitabu mwaka 1614 akisema alianza kuandika kumbukumbu za nyota hizohizo tarehe 29 Desemba 1609. Msomaji wa haraka atampa Marius ushindi wa siku tisa. Lakini Ansbach ilikuwa kwenye kalenda ya kale. Ongeza siku 10 na unapata 8 Januari 1610, siku moja baada ya Galileo. Galileo aliling'amua hilo, na mwaka 1623 alimshambulia Marius hadharani kwa kuficha tofauti ya kalenda. Kuhusu tarehe alikuwa sahihi. Kuhusu wizi, jedwali halimpi chochote: Marius alikuwa na darubini yake na vipimo vyake, na majina ya miezi hiyo tunayoyatumia leo, Io, Europa, Ganymede na Callisto, yametoka kwenye kitabu chake.

Mwaka ulianza lini?

Uingereza hadi 1751 mwaka mpya wa kisheria ulianza 25 Machi. Barua ya London yenye tarehe 10 Februari 1675 kwa hesabu yetu ni ya 1676. Waandishi waangalifu waliandika yote mawili: ile barua ya Newton kwa mwanasayansi mwenzake Robert Hooke yenye maneno ya kusimama juu ya mabega ya majitu ina tarehe 5 Februari 1675/6. Ukiona mkwaju (/) kwenye tarehe iliyo kati ya 1 Januari na 24 Machi, chukua mwaka wa pili. Usipouona, na barua imetoka Uingereza, shuku.

Italia ni vurugu zaidi. Florence nayo ilianza mwaka 25 Machi. Venice ilianza 1 Machi. Pisa ilianza 25 Machi pia, lakini ile iliyotangulia, hivyo siku ambayo Florence waliiita 1 Mei 1600, Pisa ilikuwa 1 Mei 1601. Barua binafsi za wasomi mara nyingi zilifuata Januari kama sisi, ila hati za serikali na za kanisa hapana. Ushahidi wa ndani, kama kutajwa kwa kupatwa kwa jua, kifo au kitabu kilichotoka, ndio unaokata shauri.

Saa: hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati

Galileo aliandika kwamba aliona nyota zile "saa ya kwanza ya usiku uliofuata". Wasomaji wengi wa Ulaya hulazimika kuelezwa. Wewe unayesema saa moja usiku unajua tayari: saa za Kiitaliano zilihesabiwa tangu jua kuzama. Tahadhari ni moja tu. Kwetu karibu na ikweta jua huzama saa ileile, zikizidi au kupungua dakika chache. Padua mwezi Januari huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na Juni huchelewa sana. Kwa hiyo lazima upate saa ya machweo ya siku ile na mji ule, ndipo uongeze.

Wanaastronomia waliofuata desturi ya Ptolemy walianza siku adhuhuri, siyo usiku wa manane. Kipimo kilichoandikwa "tarehe 10, saa 15" kilichukuliwa saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 11. Almanaki ziliendelea hivyo hadi mwisho wa 1924.

Ukishapata saa, iulize mbingu. Programu ya bure kama Stellarium itakuonyesha anga la Padua au Florence usiku wowote wa karne ile. Kabla ya kuiamini, hakikisha inatumia kalenda gani: kwa kawaida hubadilika na kuwa ya Gregori tangu 15 Oktoba 1582, hivyo tarehe ya Kiingereza lazima uigeuze mwenyewe kabla ya kuiingiza.

Hii ni njia nzuri ya kupima lile shtaka kwamba Galileo aliiba wazo la sura za Zuhura kutoka kwa mwanafunzi wake Benedetto Castelli. Castelli alimwandikia kutoka Brescia tarehe 5 Desemba 1610 akiuliza kama Zuhura huonekana na sura kama za mwezi. Tarehe 11 Desemba Galileo, akiwa Florence, alituma Prague fumbo, yaani sentensi iliyopanguliwa herufi, la kutangaza jambo hilohilo. Siku sita! Inanuka, na barua peke yake haziwezi kumaliza shauri. Lakini tarehe 30 Desemba Galileo alimweleza Castelli alichokiona kwa muda wa takriban miezi mitatu: kwanza umbo dogo la duara, kisha likakua huku likipungua upande mmoja hadi nusu. Rudisha anga hadi Oktoba 1610 utaona Zuhura ilikuwa hivyo hasa, na katikati ya Desemba ilikuwa karibu nusu. Mtu aliyeanza kutazama baada ya kupata barua asingeweza kuijua sura ya Oktoba, isipokuwa kwa kuikokotoa. Kwangu mimi shtaka ni dhaifu.

Barua ilipitia mikononi mwa nani

Tarehe ya kuandikwa haimnufaishi mtu ambaye hajaisoma. Barua nyingi hazikwenda moja kwa moja. Zilipitia kwa watu waliokuwa kama ofisi za posta za elimu: Marin Mersenne huko Paris, Nicolas-Claude Fabri de Peiresc huko Aix, na Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London. Watu hawa walinakili, walifupisha, walisoma kwa sauti vikaoni, na wakati mwingine walikaa na barua miezi. Oldenburg aliwahi kufungwa gerezani Tower mwaka 1667 kwa kushukiwa kuwasiliana na wageni wakati wa vita. Alipokea barua pia kwa jina la "Grubendol", ambalo ni jina lake lilelile limepanguliwa herufi. Ukiliona kwenye anwani, ni yeye.

Mfano wa kujaza mstari mzima ni barua ya kwanza ya Newton iliyokusudiwa kumfikia Leibniz, mwanahisabati Mjerumani aliyegombania naye kalkulasi:

- Iliandikwa Cambridge: 13 Juni 1676 ya kale, yaani 23 Juni.
- Ilitoka London: 26 Julai ya kale, yaani 5 Agosti, mkononi mwa msafiri Mjerumani.
- Ilimfikia Leibniz, Paris: 24 Agosti ya kalenda mpya. Msafiri alikuwa ameiacha kwa muuza dawa.
- Leibniz alijibu: 27 Agosti, ambayo London iliandikwa 17 Agosti.

Anayetazama tarehe za mwanzo na mwisho bila kubadilisha kitu anapata siku 75 za kuisoma barua ya mwenzake na kuchota mawazo. Anayebadilisha kalenda tu anapata 65. Ukweli ni siku 3. Tena soma yaliyomo: barua ile ilihusu mifuatano isiyo na mwisho, hasa kanuni ya baionomia, njia ya fluksheni, yaani kalkulasi ya Newton, haikuelezwa humo. Barua ya pili, ya 24 Oktoba 1676, ilikaa London majira yote ya baridi na haikufika Hanover hadi katikati ya 1677. Wakati huo daftari za Leibniz zilikuwa na alama ya ∫ tangu 29 Oktoba 1675.

Hapohapo usimsafishe Leibniz kupita kiasi. Oktoba 1676 alipita London, na John Collins akamwonyesha karatasi za Newton. Ziara nazo ziwe na mistari yake kwenye jedwali.

Kupima fumbo la herufi

Mtu aliyeona jambo jipya lakini akataka muda wa kulithibitisha aliandika sentensi ya Kilatini, akazipangua herufi, akazituma. Mwingine akija baadaye na jambo hilohilo, yeye anafumbua: "Nilikuwa nalo."

Anza na fupi. Mwaka 1676 Hooke alichapisha *ceiiinosssttuu*, na mwaka 1678 akalifumbua: *ut tensio sic vis*, kadiri mvutiko ulivyo ndivyo nguvu ilivyo, yaani kanuni ya springi. Hesabu kila herufi pande zote mbili: c 1, e 1, i 3, n 1, o 1, s 3, t 2, u 2 ukiihesabu v kama u. Jumla 14 na 14. Hooke ameziandika u na v kama herufi moja. Wengine wengi walifanya hivyohivyo, na pia kwa i na j. Amua kanuni hiyo kabla ya kuhesabu, la sivyo utapata tofauti isiyokuwepo.

Kisha lijaribu lile maarufu la Galileo la 1610:

*smaismrmilmepoetaleumibunenugttauiras*

Herufi 37. Jibu lake: *Altissimum planetam tergeminum observavi*, nimeiona sayari ya juu kabisa ikiwa na miili mitatu. Ni Zohali. Ukihesabu v kama u, utapata a 4, m 5, e 4, u 4, na kila kitu kinalingana. Kepler, asiyeweza kungoja, alikuwa ameshatoa jibu lake: *Salue umbistineum geminatum Martia proles*, salamu kwa pacha, wana wa Mirihi, akadhani Galileo ameona miezi miwili ya Mirihi. Mara nyingi utasoma kwamba Kepler alilazimisha mambo. Kilatini chake kweli ni cha kulazimisha, mwenyewe alikiri, lakini zihesabu herufi: 37, na zinalingana moja kwa moja bila hata moja kubaki. Kulingana kwa herufi, basi, hakuthibitishi jibu. Kunaondoa tu majibu ya uongo.

Kadiri fumbo linavyokuwa refu ndivyo linavyokuwa legevu. John Wallis wa Oxford, hodari wa kufumbua maandishi ya siri, alimchezea Christiaan Huygens kwa njia hiyo. Huygens alipomtumia fumbo, Wallis alimjibu kwa fumbo lake refu. Huygens alipotangaza mwezi wa Zohali, Wallis akalifumbua la kwake kana kwamba Waingereza nao walikuwa wameuona. Huygens alichukia sana, na baadaye Wallis akakiri ulikuwa mzaha. Mafumbo yanayotaja idadi, kama lile la Huygens la 1656 kuhusu pete ya Zohali lililoanza na *aaaaaaa ccccc d eeeee*, ni rahisi kukagua lakini hayana kinga zaidi.

Makosa ya kuhesabu yapo hata kwa wakubwa. Katika barua ya Oktoba 1676 Newton alificha njia yake ya fluksheni hivi: *6accdæ13eff7i3l9n4o4qrr4s8t12vx* (6a ni a sita, cc ni c mbili, na 12v ni u na v pamoja). Sentensi yake ni *Data aequatione quotcunque fluentes quantitates involvente, fluxiones invenire; et vice versa*. Ihesabu: t ni 9, ilhali fumbo kama linavyochapishwa kwa kawaida lina 8. Herufi nyingine zote ziko sawa, mradi ile *æ* ya mwanzo uihesabu kama herufi moja ya pekee. Kosa moja namna hiyo halivunji dai. Matatu yangevunja.

Uliza pia fumbo lilificha nini. La Galileo linathibitisha kwamba aliona kitu pande mbili za Zohali. Alichokielewa hakikuwa sahihi. Ni Huygens aliyeeleza kwamba ni pete nyembamba isiyogusa sayari, na maelezo kamili aliyatoa mwaka 1659.

Barua binafsi inapogeuzwa silaha

Novemba 1595 Kepler, kijana asiyejulikana, alimwandikia mwanaastronomia Nicolaus Reimers, aitwaye Ursus, barua ya kumsifu mno. Hakujua kwamba Tycho Brahe, mwanaastronomia wa Denmark, alimshutumu Ursus kwa kuuiba mfumo wake wa dunia alipotembelea kisiwa cha Hven mwaka 1584. Mwaka 1597 Ursus aliichapisha barua ile bila ruhusa ndani ya kitabu cha kumtukana Tycho. Kepler alijikuta akijieleza kwa Tycho, na baadaye akapewa kazi ya kuandika utetezi wa Tycho dhidi ya Ursus.

Kwa hiyo barua iliyochapishwa na mmoja wa wagomvi iulize maswali matatu: nani alichagua zipi ziingie, ziko wapi ambazo hazikuingia, na nani aliandika maelezo ya pembeni. Kipimo kikali zaidi ni *Commercium Epistolicum* ya Royal Society kuhusu kalkulasi. Jalada linasema 1712. Nakala ziligawiwa mwanzoni mwa 1713 kwa hesabu yetu. Ilitolewa kwa jina la kamati, lakini Newton, rais wa chama, ndiye aliyeiongoza kwa siri, kisha mwaka 1715 akaandika mapitio yake bila kuweka jina. Barua zilizomo ni za kweli. Mpangilio ni wa wakili.

Adabu nayo isikudanganye. Hooke alimwandikia Newton tarehe 24 Novemba 1679 kwa upole wa kumkaribisha. Newton alijibu tarehe 28 na kuchora njia ya kitu kinachoanguka kwa mzunguko kuelekea kitovu cha dunia. Palikuwa na kosa, na Hooke, badala ya kumnong'oneza, alilisoma mbele ya kikao. Ndiyo sababu maneno ya heshima kwenye barua zinazofuata yana baridi.

Kugawa sifa

Usiandike "alitangulia" bila kusema katika nini. Ongeza safu nne: aliliona au kulidhani, aliliandika, alilithibitisha, alilichapisha. Kwa sheria ya mvutano, mstari wa Hooke una tarehe 6 Januari 1679/80, pale alipomwandikia Newton kwamba nguvu hupungua kwa mraba wa umbali. Hilo liandike kwa wino, kwa sababu wafuasi wa Newton wamezoea kulifuta. Januari 1684 Hooke aliwaambia Edmond Halley na Christopher Wren kwamba anao uthibitisho kwamba sheria hiyo ndiyo inayoendesha sayari. Wren aliahidi kitabu cha shilingi 40 kwa atakayeuleta ndani ya miezi miwili. Hooke alisema ataficha wa kwake kwa muda, wengine wajaribu washindwe. Miezi miwili ikaisha bila kitu. Halley akaenda Cambridge Agosti 1684 kumuuliza Newton, na Novemba rasimu ya kurasa tisa ikafika London. Safu ya uthibitisho kwenye mstari wa Hooke iache wazi, usiweke alama ya kuuliza.